Ndoo za Mama Mkwe

Msusi alikuwa akisubiri damu, mama mkwe alikuwa akisubiri mjukuu, na wote wawili macho yao yalikuwa kwenye tumbo moja.

Tangu mimba ya kwanza ilipoharibika akasafishwa kizazi, msusi hakuziona tena siku zake. Mama mkwe, aliyeishi nao, alipoona miezi inapita bila vitambaa kuanikwa kambani, akapiga hesabu zake akafurahi. Tangu hapo ndoo ya maji ikawa mwiko kwa msusi.

"Weka chini, mwanangu. Nitabeba mimi."

Akabeba kweli, na kiuno chake kile kibovu. Msusi hakujua aanzie wapi. Mume, bingwa wa maneno mbele ya wenzake, aliahidi kumweleza mama yake. Alipofika mbele yake akaomba chai.

Hospitalini daktari alipitisha kamera nyembamba ukeni mpaka ndani ya mfuko wa uzazi.

"Kuta zimeshikana kwa makovu," alisema. "Umechelewa, dada. Mficha uchi hazai."

Wakapanga siku. Akapewa dawa ya usingizi, makovu yakakatwa kwa kimkasi kilichopita njia ile ile, bila kuchanwa tumbo. Humo ndani wakaacha kipira kidogo kilichojazwa maji ili kuta zisigandane tena. Kilipotolewa, akapewa vidonge.

"Ukivimaliza, damu ikija ni heri," daktari alisema. "Isipokuja, huenda makovu yamerudi."

Vidonge vikaisha. Saluni, mikono ilisuka, roho iko chooni. Alimwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa, akaenda kutazama, akarudi, akaenda tena.

"Shoga, umekula nini?" mteja akamtania.

Msusi alicheka kwa meno tu. Kitambaa kilikuwa cheupe, na weupe ule ulimtia hofu kuliko kisu cha daktari. Na je, makovu yakirudi? Atakatwa mara ngapi? Nyumbani alimkuta mama mkwe anafuma kofia ndogo ya manjano. Akapitiliza chumbani akalia.

Jumapili asubuhi, bafuni, akaona doa. Akafumba macho, akatazama tena. Lilikuwepo, jekundu.

"Imekuja! Imekuja!"

Mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi. Alipoona damu, akaketi sakafuni.

"Mjukuu wangu jamani!"

"Hapana, mama." Msusi akachutama mbele yake, huku analia, huku anacheka. "Hapakuwa na mimba. Kizazi kilikuwa kimefunga. Nimetibiwa. Hii damu ndiyo niliyokuwa naiomba."

Akamweleza yote. Mama mkwe akaigeukia ndoo iliyokuwa kando ya mlango.

"Kwa hiyo ndoo zote zile nimebeba bure?"

"Nisamehe, mama. Leo nachota mimi." Msusi akainuka akashika ndoo.

Mama mkwe akajizoazoa kutoka sakafuni, akampokonya.

"Lete hapa," alisema. "Kidonda kibichi hakibebi maji."