Punda Aliyekimbizwa Kabla ya Kutolewa Damu

Umewahi kumwonea wivu punda? Mimi nimemwonea, na umri wangu huu.

Punda mwenyewe ni wa wifi yangu Mboni, hapa hapa Ushongo. Punda wake na wangu ni wa mama mmoja, baba mmoja. Wangu hubeba maji, madumu manne, polepole. Wake hukimbia mbio za Idi ufukweni, na shingoni amevishwa shada la nyuzi nyekundu.

Mjukuu wangu Najat, anayesomea wanyama huko Morogoro, alikuja Jumatatu na boksi la barafu na vichupa vyenye vifuniko vya zambarau. Akafikia kwa Mboni. Eti punda wa mbio yuko kule, na lazima amtoe damu mapema kabla hajakimbia mazoezi, kisha tena akishakimbia. Kwangu alipita kunywa chai, akaacha nusu kikombe.

"Bibi, vinasaba, yaani ile asili waliyorithi, vya punda hawa vinafanana sana," akanieleza. "Ila havifanyi kazi vyote kwa pamoja. Mnyama akikimbia, vingine vilivyolala vinaamka. Kwa farasi wa mashindano wameshaliona hilo kwenye damu. Mimi nataka kuliona kwa punda."

"Kama khanga zangu sandukuni," nikasema. "Zote zangu, lakini nyingine hazitoki mpaka pawe na harusi."

"Hivyo hivyo. Ijumaa asubuhi nitamtoa damu huyu wako, nilinganishe."

Neno hilo likanikaa kichwani. Alinganishe. Vya punda wa Mboni vimeamka, vya wangu vimelala, na mtoto arudi chuoni akijua hivyo.

Ijumaa, nilipomaliza sala ya alfajiri, nikamfungua punda wangu. Nikamkimbiza ufukweni hadi kwenye mikoko na kurudi, mara tatu, mimi nyuma na ufito.

Jua lilipochomoza Najat akaja, Mboni nyuma yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Akamshika punda shingo, akatazama kiganja chake. Kimelowa.

"Bibi, huyu amekimbia?"

"Joto la asubuhi tu hilo."

"Wifi," akasema Mboni, "na wewe gauni limelowa mgongo mzima. Mlikuwa mkishindana? Nani kashinda?"

Najat hakucheka. Akakirudisha kichupa kitupu kwenye boksi.

"Nilimtaka huyu kwa sababu hakimbii, bibi. Bila damu yake akiwa ametulia, ya yule wa mbio nitaipima na nini? Sasa itabidi nisubiri siku tatu, naye apumzike."

Kumbe wangu alikuwa akitakiwa vile vile alivyo. Nikaketi kizingitini.

"Kwa nini, bibi? Ulitaka nini?"

Nikamtazama Mboni.

"Nilitaka ulale kwangu," nikasema. "Kitanda nimekutandikia tangu Jumatatu."