Bei ya Umeme wa Kalunguta

Kitsa alishuka Butembo akiwa tayari kukatwa bei. Miaka minne alichimba mfereji kule Kalunguta, akafunga turbini ya maji aliyoiunda kwa vyuma vikuukuu, na sasa kampuni moja ya umeme ilitaka kununua anachozalisha.

Injinia wa kampuni, Yasmine, binti wa wasafirishaji wa Beni, alisoma bei aliyoiandika Kitsa, akaweka karatasi mezani.

“Papa Kitsa, bei hii hapana. Ni kidogo sana.”

“Mama, mimi nilikuya tayari ya kushusha. Sasa weye ndiye unapandisha?”

“Mashini ikiharibika, utaitengeneza na nini? Ukifunga kazi, sisi tutapata umeme wapi? Na kazi yako, umeihesabu?”

“Lakini ile ni mikono yangu tu.”

“Basi mwenye mikono hapana kula?”

Kitsa akaivuta karatasi yake. Mnunuzi gani humsihi muuzaji apandishe? Alitafuta mtego usoni mwa yule mama, asiuone. Aliogopa kukataa, akaogopa na kukubali. Mwishowe akaomba siku tatu.

Nyumbani, mkewe Katungu alimuuliza kama amelogwa au amebarikiwa. Hakujua. Wakakaa pamoja wakaandika hesabu upya: vyuma, grisi, siku za kazi ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu.

Jumatatu alirudi na bei iliyokaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Yasmine aliisoma yote, akatia sahihi bila kubishana. Kitsa akatoka na mkataba, akasimama kando ya barabara kitambo kirefu, asijue hata sasa kama amemshinda mtu au amesaidiwa.