Mgomba Ulioitwa Ubalozini

Usiku wa kuamkia leo niliota pasipoti yangu imekataa kufunguka.

Nilikuwa nimelala kwa binamu yangu Verdiana, huku Tabata, na katika ndoto nilikuwa hapo hapo kwenye kitanda chake, nimeketi, nikihangaika nayo kwa kucha. Ilikuwa imebana kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Funguka," naiambia. "Asubuhi tuna usaili."

"Wewe ndiye una usaili," inasema. "Mimi nina picha tu. Na huyu wa kwenye picha hajaniambia kama atarudi."

Hapa lazima nieleze kidogo, maana ndoto haina tabia ya kueleza. Chuo kimoja cha ng'ambo kimenikubali kusomea shahada ya uzamili ya magonjwa ya mimea, hasa mnyauko wa migomba. Ni ugonjwa ambao umetumalizia nusu ya kibanja chetu kule Kamachumu, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba ya Mama. Ufadhili nimepata. Kilichobaki ni viza, na kwenye viza kuna swali moja ambalo watu wote wananionya nalo: masomo yakiisha, utarudi? Verdiana amenifundisha kujibu "ndiyo" kabla swali halijafika mwisho, na nisivute pumzi katikati, kwa kuwa kuvuta pumzi wanakuhesabia kuwa ni kusita.

Tatizo ni Mama. Kaka yangu Mutalemwa alijibu "ndiyo" nzuri kabisa, akaenda, na mpaka leo hajarudi. Baba alizikwa yeye akitazama kwenye simu iliyoshikwa na jirani, na jirani mwenyewe alikuwa analia, picha ikawa inacheza. Nilipokwenda kumuaga Mama, alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Nenda, Kemilembe. Sikuzuii," alisema. "Ila usiniambie kwamba utarudi. Hilo neno nimeshalisikia." Tangu siku hiyo neno lenyewe linanikwama.

Basi, nikaibana pasipoti kwapani, nikafungua mlango wa chumba cha Verdiana, na nje palikuwa ubalozini.

Mlinzi anakagua foleni. "Simu haziruhusiwi, mabegi hayaruhusiwi, vimiminika haviruhusiwi."

Mbele yangu kuna mama mtu mzima aliyejifunga kitenge, na machozi yanamtiririka. Mlinzi anamwonyesha benchi. "Malizia pale, mama yangu. Ukishakauka utaingia." Yule mama anakaa, analia mpaka yanakwisha, anajipangusa kwa upindo wa kitenge, anarudi kwenye nafasi yake. Mlinzi anamgusa shavu kwa kidole, anaridhika. Hakuna aliyecheka. Mimi nilijikagua nikajiona mkavu, nikapita.

Dirisha la kwanza kuna karani mwenye miwani. "Alama za vidole," anasema.

Naweka vidole juu ya kioo. Ninapoviinua, alama zinabaki pale pale. Karani anazibandua moja moja kwa kibano, taratibu, kama mtu anayetoa utando kwenye maziwa ya moto, kisha anazilaza ndani ya bahasha. Natazama vidole vyangu. Ni laini kama ganda la yai.

"Nitarudishiwa lini?"

"Ukirudi."

"Na asiyerudi?"

Anavuta droo. Hakuniuliza jina, nadhani sura yangu ilimtosha. Anatoa bahasha iliyofubaa na kuifungua mbele yangu. Nazitambua mara moja. Ya kidole cha shahada ina kovu la kisu tulichokuwa tukimenyea miwa, na zote zina weusi wa buni, maana Mutalemwa aliondoka msimu wa kuchuma kahawa.

"Hizi huwa zinauliza habari za nyumbani," anasema karani. "Hasa mvua zikianza."

"Huwa mnazijibu nini?"

"Hatujibu. Hatuna idara hiyo."

Niliumia. Nimemkasirikia kaka yangu muda mrefu, nikidhani kwamba amesahau, na kumbe vidole vyake vilikuwa vimelala gizani vikiuliza kama Mama amepata wa kumsaidia kuchuma. Nikamwomba karani azisalimie. Akasema ataona.

Dirisha la pili lilikuwa hospitali. Daktari amebandika eksirei ya kifua changu kwenye taa na anaitazama kwa kuinamisha shingo.

"Kifua kikuu hakuna," anasema. "Ila hapa kushoto kuna mama amekaa kwenye kigoda."

Nasogea. Kweli, ni Mama, amekaa kati ya mbavu zangu na beseni lake, anamenya ndizi.

"Shikamoo, Mama," nasema.

"Marahaba. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

"Huyu ana viza?" anauliza daktari.

"Hana. Hajawahi kuomba. Hajawahi hata kufika Dar."

"Basi huwezi kusafiri naye," anasema, na anaandika kitu. "Utamwacha."

"Nitamwachaje? Yumo ndani."

Daktari anafikiri. Ni mtu mpole, sina ubaya naye. "Swali hilo ni la dirisha la mwisho," anasema, na kunipa eksirei niende nayo.

Dirisha la mwisho lina kioo kinene, na nyuma ya kioo kuna afisa aliyenyoa vizuri, anazungumza Kiswahili cha redioni. Pembeni yake kuna mizani ya duka, ile ya mawe.

"Masomo yakiisha," anasema, "uta..."

"Ndiyo," nasema, bila kuvuta pumzi.

Neno linadondoka juu ya kaunta. Afisa analiokota kwa vidole viwili, analiweka kwenye mizani. Mizani haitikisiki.

"Jepesi," anasema, wala hanilaumu. "Ya leo yote yamekuwa hivi. Kitovu chako kimezikwa wapi?"

"Kwetu Kamachumu. Kibanjani, chini ya mgomba."

"Mgomba uitwe."

Mtu aliuita kwenye kipaza sauti, kwa jina ambalo sikuwahi kulijua. Sakafu ya ubalozi ikaanza kuchakarisha. Nilipotazama chini nilikuwa nimesimama juu ya majani makavu ya migomba, tulivyozoea kuyatandaza ili ardhi isikauke, na kuta hazikuwapo tena. Tulikuwa kibanjani kwetu. Kioo peke yake kilibaki, kimesimama katikati ya migomba, na afisa nyuma yake, tai yake imenyooka.

Mgomba ulikuja ukitembea polepole, udongo ukipukutika mizizini. Ulikuwa na mkungu mchanga, na uliubeba kwa uangalifu.

"Shikamoo," nikasema.

"Usiniamkie, dada," mgomba unasema. "Mimi ni mdogo wako sana."

Afisa anagonga kioo kwa kalamu. "Shahidi, kitovu cha mwombaji kiko chini yako?"

"Hapana."

Maisha yangu yote nimeonyesha wageni mgomba ule. Nimempigia picha Verdiana akiwa ameukumbatia.

"Kitovu kilizikwa chini ya bibi yangu," mgomba unaendelea. "Bibi alizaa mkungu wake, mkala, akakatwa. Mama yangu alikuwa ameshachipua ubavuni kwake. Mama naye akazaa, akakatwa, nami nikachipua, upande wa mteremkoni. Ndivyo tunavyotembea sisi. Kitovu kimebaki nyuma yetu, hapo sasa ni njia ya kwenda jikoni. Mama yake huyu dada anapita juu yake kila akienda kuteka maji."

"Kwa hiyo shahidi naye amehama," anasema afisa.

"Nimehama," mgomba unakubali, "bila kutoka kibanjani."

Afisa anaandika hilo, anapumzika, anaandika tena. Mgomba unanigeukia.

"Unakwenda kusomea nini huko?"

"Ninyi. Magonjwa yenu."

"Huko tunaota?"

"Hapana, kuna baridi. Mnafugwa ndani ya nyumba ya vioo."

"Tunafugwa." Jani lake moja likapasuka kwa upepo. "Na wagonjwa wako hapa."

"Ndiyo. Kwa hiyo ni lazima nirudi."

"Sijakuuliza kama ni lazima, dada. Utarudi?"

Ndani ya eksirei, Mama ameacha kumenya. Kisu kimesimama. Sikuwahi kumwona akiacha ndizi katikati, hata siku walipomletea habari za Baba alimalizia ile iliyokuwa mkononi.

Nikavuta pumzi. Nilijua inahesabiwa, nikavuta hivyo hivyo.

"Nataka kurudi," nikasema. "Lakini naogopa. Naogopa kuja kumkuta Mama hayupo, na nyumba imefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa mbali. Nadhani hata kaka yangu hakusahau. Nadhani aliogopa kuja kuona kaburi la Baba, akangoja kidogo, na kadiri alivyongoja ndivyo aibu ilivyokua."

Maneno yakadondoka juu ya kaunta. Afisa aliyakusanya kwa mikono miwili, akayaweka kwenye mizani. Upande ule ulishuka mpaka ukagonga meza, na kalamu zake zikaruka.

Alitoa tai mdomoni, maana upepo ulikuwa umeipeleka huko, akasukuma karatasi chini ya kioo. "Kidole gumba hapa."

"Alama zangu mmeshachukua."

"Sheria ni kidole gumba."

Nikamwonyesha vidole, laini kama nilivyoviacha. Tukatazamana. Nadhani tungekuwa pale mpaka sasa.

"Kata jani langu la chini," mgomba ukasema.

Kisu kilikuwa cha Mama, alinipa kutoka ndani ya eksirei. Nikakata. Utomvu ukatoka mweupe kama maji ya mchele, ukanidondokea kwenye kidole gumba na kujaa pale palipokuwa pametambaa mistari yangu. Nikagandamiza karatasi.

Afisa anaipuliza. "Hii inatoka kwa kitu gani?"

"Haitoki," unasema mgomba.

"Kwa sabuni?"

"Kwa chochote. Hata kwenye nguo, huisha siku nguo inapoisha."

"Mimi sitegemei unisubiri," nikauambia mgomba, sijui kwa nini. Labda nilitaka unikatalie.

"Wala sitakusubiri," ukasema. "Mkungu huu ukikomaa watanikata. Ukija utamkuta aliyechipua ubavuni kwangu. Msalimie vizuri, atakuwa hakujui."

Kisha sauti ya Mama ikatoka kwenye eksirei, ile ile ya siku zote, ya kunifokea bila hasira: "Kemilembe, umeshashika utomvu tena na umevaa nguo nyeupe."

Nikaamka. Verdiana alikuwa ananitikisa bega, chai ameshaweka mezani.

"Amka, mdogo wangu, foleni haikungoji," alisema. "Blauzi yako nimekwisha kuipiga pasi."

Blauzi nyeupe ilikuwa imetundikwa mlangoni. Pasipoti ilikuwa chini ya mto, ikafunguka vizuri. Nilinyoosha mkono kuchukua kikombe, na Verdiana akaushika.

"Umegusa nini?"

Kidole gumba cha kulia kilikuwa na doa la kahawia, limekolea kwenye mistari yote. Kila aliyekulia kibanjani analijua doa hilo. Mtaa mzima wa Verdiana hauna mgomba hata mmoja, na ndizi tulizonazo ndani ni za kuiva, zilizonunuliwa sokoni. Tulijaribu sabuni, tukajaribu limau, tukajaribu mafuta ya taa. Verdiana akasema labda nimelalia kitu. Nikamwambia labda.

Nikampigia Mama. Alipokea upesi, alikuwa ameshaamka.

"Mama, kitovu changu kiko wapi?"

Nilisikia jogoo wa jirani na ndoo ikiwekwa chini.

"Si pale kwenye mgomba," alisema hatimaye. "Mgomba ulishasogea. Kiko kwenye njia ya jikoni. Sikukwambia, nilidhani mtoto hatapenda kusikia kwamba anakanyagwa. Nani amekwambia?"

"Nimeota."

Hakushangaa, au alishangaa akajizuia. "Huko ubalozini watakuuliza nini leo?"

"Kama nitarudi."

Kisha Mama yangu, aliyenikataza neno hilo, akaniuliza mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa naijua: "Utarudi?"

"Nitarudi, Mama. Ninachoogopa ni kukukosa."

"Hilo ni langu na Mungu wangu, usilibebe," akasema. "Wewe rudi. Ukinikuta utanikuta. Usiponikuta, pita njia ya jikoni."

Nililia pale kitandani mpaka machozi yakaisha, Verdiana amenishikia chai, kwa kuwa sikutaka kufika na machozi kwa mlinzi wa ubalozini. Halafu nikavaa blauzi, nikifunga vifungo kwa mkono wa kushoto.