Uzi wa Buluu Ndani ya Ukosi

Cha kwanza nilichokiona kilikuwa uzi wa buluu.

Tulikuwa madobi, mimi na Mama. Mama hakuwa na daftari. Kila nyumba iliyotuletea nguo aliipa alama yake, vishono vidogo ndani ya ukosi wa shati au ndani ya kiuno cha suruali, mahali ambapo mwenyewe hapaoni. Mwalimu mkuu alikuwa na vishono vitatu vya kijani. Mwenye duka la dawa alikuwa na msalaba wa njano. Fundi redio alikuwa na kishono kimoja cha buluu, kwa sababu, Mama alisema, mtu mwenye mashati mawili hahitaji mapambo. Nyumba hamsini na kitu, zote alikuwa nazo kichwani. Mteja akiuliza kama nguo zake hazitachanganywa na za watu, Mama alimjibu, “Kwangu nguo haipotei. Labda upotee wewe.”

Jumatatu moja nilikuwa napiga pasi shati la mwalimu mkuu. Ndani ya ukosi niliona vishono vitatu vya kijani vilivyofifia kwa kufuliwa, na pembeni yake kishono kipya cha buluu. Nikampelekea Mama. Akaligeuza shati mara mbili.

“Nani ameshona uchafu huu?”

Asubuhi ileile nilikuwa nimemwona kwenye kigoda chake na sindano, shati hilohilo mapajani. Uani tulikuwa wawili tu. Nilidhani ananitania, maana Mama alikuwa mtu wa utani. Lakini alinitazama akingoja jibu, na kadiri nilivyochelewa ndivyo uso wake ulivyoanza kubadilika, kama mtu anayesikia hatua ndani ya nyumba aliyodhani haina mtu.

“Ni mimi, Mama,” nikasema.

Akashusha pumzi. Akanigonga kichwani kwa kidole. “Bubu wewe. Utaniharibia jina.”

Bubu ndilo jina alilonipa. Sikuzaliwa bubu, ila maneno yalinishinda mbele za watu. Darasa la tano niliitwa mbele nisome ukurasa mmoja. Nilisimama pale na kitabu mpaka kengele ikalia, sauti haikutoka. Kesho yake sikurudi shule. Mama hakunipiga wala kunisihi. Alinipa pasi akasema, “Hii haitakuuliza swali.” Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Siku ya uzi wa buluu nilikuwa na kumi na tisa, na Mama alikuwa na arobaini na nane. Nywele zake zilikuwa nyeusi bado.

Baada ya hapo makosa yalikuja, na yote niliyapokea mimi. Alitia wanga kwenye sweta la sufu likakauka kama kadibodi. “Nani?” Mimi. Aliacha pasi juu ya suruali akaenda kufungua mlango ambao haukubishwa, suruali ikaungua goti. “Nani?” Mimi, Mama. Aliloweka shuka nyeupe za mwenye duka la dawa pamoja na kitambaa chekundu, zikatoka za waridi.

Mwenye duka alizishika kwa ncha za vidole. “Mama, hivi huyu binti yako ana macho?”

“Macho anayo,” Mama akasema. “Vilivyobaki bado havijaletwa.”

Wakacheka, na mimi nikacheka. Wakati ule niliona ni kazi rahisi, tena ni kazi ninayoiweza. Kuitwa mjinga hakukunigharimu kitu, nilikuwa nimeshazoea tangu shule. Yeye kuambiwa amekosea kungemmaliza. Ndivyo nilivyofikiri.

Mama akienda sokoni, nilikagua kosi zote. Alama zisizo zake nilizifumua kwa wembe, za kweli nikazirudishia. Zilipozidi kichwa changu, nilichukua daftari langu la darasa la tano, lililobaki karatasi nyingi kuliko zilizoandikwa, nikaandika kila nyumba na rangi yake. Nililificha chini ya gunia la mkaa. Kwa miaka miwili udobi wa Mama ulikaa humo, na wateja waliendelea kumsifu kwamba hakosei.

Baba ni dereva wa lori. Wakati huo alirudi nyumbani kila baada ya siku kumi, akakuta mambo yamenyooka, ila mimi nimeharibu hiki na kile. “Mwanangu, kwani akili unaziacha wapi?” aliniuliza mara moja, bila ukali, na hiyo iliniuma zaidi. Dada yangu mkubwa ni karani wa mahakama katika mji mwingine. Yeye hakuwa na upole huo. Alikuja likizo akamkuta Mama amekonda, amekaa anatazama ukuta. Akanivuta jikoni.

“Unamwona mama yako? Anaisha kwa ajili yako. Kila siku kurekebisha madudu yako.”

Nikaangalia sakafu.

“Jibu basi. Au ndiyo ububu wenyewe huu?”

Nikachukua ndoo nikatoka uani. Ningejibu siku ile ingefaa, maana Mama alikuwa bado ana siku nyingi za kuelewa kuliko za kutoelewa. Nimezihesabu mara nyingi.

Kilichonishinda kuficha kilikuja saa nane mchana. Mama alitoka na nguo za mwalimu mkuu, mitaa miwili tu kutoka kwetu, njia aliyoipita miaka ishirini. Hakufika. Saa kumi fundi redio akamleta amemshika mkono. Alikuwa na kiatu kimoja, na furushi amelikumbatia, halina hata kunjo.

“Nimemkuta kwenye ngazi za benki,” fundi akasema taratibu. “Ananiuliza kwake ni wapi.”

Hapo sikuwa na namna ya kusema ni mimi.

Hospitali tulikwenda wanne. Daktari alikuwa mwanamke mtulivu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vibaya, ukosi umejikunja upande mmoja. Alimpima Mama kwa siku mbili, akamuuliza majina ya vitu, akampiga picha za kichwa. Kisha akatuita akasema ni ugonjwa wa Alzaima, unaofuta kumbukumbu kidogo kidogo.

“Si ugonjwa wa vikongwe huo?” Baba akauliza. “Huyu ana miaka hamsini.”

“Mara nyingi ni wa wazee. Wachache huupata mapema hivi.” Akafungua faili. “Ilianza lini?”

“Mwezi uliopita,” Baba akasema. “Siku aliyopotea.”

Daktari akatutazama mmoja mmoja. “Nani anashinda naye?”

Dada akaninyooshea kidevu. “Huyu. Lakini hasemi, daktari. Na yeye ndiye aliyemchosha kichwa na makosa yake.”

“Kweli kabisa,” Mama akadakia. “Muulizeni huyu mtoto. Mimi sina kitu. Anayekosea ni yeye.”

Daktari akanigeukia akangoja. Alikuwa na subira, hakuna mtu aliyewahi kuningoja vile. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wa Mama niliokuwa nimeupakata. Nililichukua asubuhi ile nikijiapiza nitaliweka mezani. Masikio yakajaa kengele ya shule.

“Mwezi uliopita,” nikasema.

Akaandika. Akaeleza kwamba dawa haziponyi, zinampa mgonjwa nafuu kwa muda tu. Kisha akasema, kama jambo la kupita tu, “Tukiwapata wagonjwa mapema inasaidia. Kubwa zaidi ni kwamba mgonjwa mwenyewe anajua. Anapanga mambo yake. Anawaambia wanawe anayotaka kuwaambia.”

Mama alikuwa anakunjua na kukunja kona ya kitambaa cha meza. Hakutuambia kitu.

Imepita miaka mitatu. Kamba za kuanikia uani zimebaki moja, ya nguo zake. Wateja walihama mmoja mmoja. Fundi redio ndiye wa mwisho, alileta mashati yake mawili mpaka siku Mama alipomwita mwizi mbele ya watu. Dada anapiga simu Jumapili, anauliza kama anakula, na simu haifiki dakika tatu. Baba alihamia safari fupi ili awe karibu. Jioni lori linasimama mbele ya nyumba, injini inazimwa, naye anabaki ndani ya lori nusu saa nzima, mikono juu ya usukani. Namwona dirishani. Siendi kumwita.

Mama hanijui tena. Ananiita “mteja”. Namwogesha, namvalisha, namlisha kwa kijiko, naye ananishukuru kwa adabu aliyokuwa nayo kwa watu wasiomzoea. Wakati fulani nililia. Sasa nakunja taulo nampa akunje, akimaliza nalikunjua nampa tena.

Leo asubuhi, taulo likiwa mikononi mwake, alinikonyeza nisogee. Akatazama mlango kwanza.

“Mteja, nikuambie kitu. Nguo zako usimpe yule binti yangu.”

“Binti gani?” nikauliza.

“Ninaye mmoja, bubu. Ananiharibia nguo za watu. Kila siku yeye.” Alikunja uso kama mwenye maumivu. “Watu wananiona mimi ndiye nakosea. Mimi sijakosea hata mara moja. Ni yeye.”

Uso wangu umemtoka, sauti yangu, siku aliyonizaa. Jina la Dada limemtoka. Katika yote niliyokuwa kwake miaka ishirini na minne, kimebaki kitu kimoja, na nilikishona mwenyewe kwa mkono wangu.

Nikapiga magoti mbele ya kigoda chake. Nikamshika mikono, yeye na taulo lake, na sauti ikatoka, kubwa kuliko nilivyotarajia.

“Mama, yule mtoto hakuharibu nguo hata moja. Uzi wa buluu uliushona wewe. Suruali uliiunguza wewe. Nilijua tangu siku ile ya kwanza, wakati ungeambiwa ungeelewa, na nikakunyima.”