Milango Ishirini na Minne

Fundi Milimita alipata jina hilo kwa halali. Katika karakana ya manispaa walikuwapo mafundi waliopima kwa jicho, wengine kwa shubiri, na mmoja aliyekisia tu na kumwachia Mungu. Yeye alipima mara tatu, akaandika, halafu akapima tena kile alichoandika. Penseli ilikuwa imekaa sikioni mwake miaka ishirini na sita, na mkewe alisema siku akifa atazikwa nayo, maana hakuna atakayethubutu kuitoa. Ilikuwa imebaki miaka miwili astaafu, na alitaka kuimaliza bila hata barua moja ya onyo.

Mwezi ule manispaa ilimpa kazi mbili, na ya kwanza ilimkaa vibaya moyoni. Jengo la ghorofa tatu nyuma ya stendi lilikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Wahandisi walisema litaanguka, na safari hii hawakutia chumvi. Familia ishirini na nne zikapewa muda wa saa mbili tu kutoka. Kisha, ili wasije wakarudi kinyemela, Fundi akaamriwa ang'oe milango yote pamoja na fremu zake, na mbao za dari juu yake. Akaing'oa. Lakini kwa kuwa hajui kufanya kazi ovyo, kila mlango aliuandika kwa penseli kwenye ukingo wa juu: ghorofa, chumba, upande wa bawaba. Dereva wa pikapu, rafiki yake wa siku nyingi na mtu mwenye mdomo usio na breki, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Unaandika ya nini, na jengo linavunjwa?"

"Kazi ni kazi."

"Basi niandike na mimi, nisije nikapotea."

Milango ikalazwa kwenye stoo ya manispaa, ikingoja mnada.

Kazi ya pili ilikuwa makazi ya dharura. Ofisi ya makazi ilileta mchoro wa kuugawa ukumbi wa michezo: vyumba ishirini na nne vya plaiwudi, ukuta unakomea kifuani mwa mtu mzima, hakuna mlango, na uwazi wa kuingilia uelekee meza ya mlinzi. Pembeni paliandikwa: kwa ajili ya usimamizi. Fundi alisoma, akapima, akajenga, akamaliza siku moja kabla ya muda. Watu walihamia wakishukuru, maana walikuwa wamelala siku sita kwenye varanda ya shule na mvua ikiwapiga miguuni. Naye akaenda nyumbani akijiona kafanya jambo la maana.

Siku ya tatu alirudi kukaza skrubu zilizolegea. Ndipo alipomkuta mama mmoja, mshonaji wa nguo.

Huyu mama alikuwa akikaa ghorofa ya pili ya jengo lile, chumba cha tano, na mumewe aliyekuwa mwamuzi wa mpira. Mtaa mzima ulimwita Refa. Mwaka jana kiharusi kilimlaza, upande mmoja wa mwili ukafa, na maneno yakabaki ya kuhesabu. Asubuhi hiyo mkewe alikuwa akimsafisha. Shuka alilibana kwa meno liwe pazia, mkono mmoja ukimgeuza mume, wa pili ukimpangusa. Juu ya plaiwudi watoto wawili wa jirani walikuwa wametundika videvu vyao wakitazama, si kwa ubaya, walitazama tu kama watoto wanavyotazama. Mlinzi, apewe haki yake, alikuwa ameinamia daftari lisilo na kitu. Na Refa alikuwa amejifunika uso kwa foronya. Mtu aliyesimama kwa kaptula mbele ya uwanja uliojaa, watu wakimtukana mpaka mama yake mzazi, asipepese jicho, leo alikuwa amejificha ndani ya foronya.

Fundi akasimama na bisibisi yake mkononi, hajui aangalie wapi. Mshonaji alimaliza, akamfunika mumewe, akainua kichwa. Hakupandisha sauti.

"Wewe ndiye uliyeng'oa mlango wangu."

"Nilitumwa, mama."

"Najua ulitumwa. Na hivi vibanda pia ulitumwa?"

"Mchoro ndivyo ulivyosema."

"Haya." Akavuta kamba ya kiatu shingoni mwake, ukatoka ufunguo. "Mimi huu ndio uliobaki. Navaa kama mkufu. Tangu tumeingia humu, mume wangu hajasema neno. Kule nyumbani alikuwa akiniita, akiomba maji, akigombana na redio. Hapa kanyamaza kabisa. Kaka yangu, ungekuwa wewe, ungesema nini watu wote wanakutazama uchi?"

Aibu ilimvaa Fundi mwilini. Mchoro ule aliupima mara tatu, na katika mara zote tatu hakujiuliza mtu atavulia wapi nguo. Hilo ndilo lililomchoma. Ofisi ilikuwa imekosea, sawa, lakini mkono uliopiga misumari ulikuwa wake.

Akaenda kwa afisa makazi. Alikuwa mwanamke kijana, simu mbili mezani na ya tatu sikioni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Si mtu mbaya. Alikuwa na familia nyingine arobaini zikingoja mlangoni kwake.

"Mzee, hii ni dharura. Ni ya muda tu."

"Muda gani?"

"Miezi sita. Labda mwaka."

"Mwaka mzima watu wasivue nguo?"

"Mwongozo unasema uwazi, kwa usalama wao wenyewe. Jumatatu nakuja kukagua. Naomba nikute kama mchoro ulivyo."

Alimwambia hivyo kwa adabu, na kwa adabu hiyohiyo Fundi akamwitikia, "Nimekusikia." Alikuwa amesikia kweli. Kukubali hakukubali.

Jumamosi asubuhi akapiga moyo konde, akafungua stoo kwa ufunguo wa kazini. Dereva alisimama mlangoni, mikono kichwani.

"Utamwaga unga, ndugu yangu. Na miaka miwili tu imebaki."

"Unga ni wangu. Shika upande huo."

Hakutaka iitwe wizi. Kwenye kitabu cha stoo aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka: milango ishirini na minne, fremu zake, mbao za dari. Kwenye nafasi ya matumizi akaandika: milango. Akatia sahihi. Dereva akasoma, akaguna, akatia na yake chini.

"Nikifukuzwa peke yangu nitachoka kukaa nyumbani," alisema. "Angalau tutacheza drafti."

Pikapu ilikwenda na kurudi mara tisa. Ukumbini hakuna aliyengoja kuombwa. Wanaume walibeba fremu, wanawake wakashikilia mbao za dari zilizopandisha kuta juu ya vichwa vya watu, na Fundi akapita na penseli na timazi yake akirekebisha, maana hata uasi kwake ulitakiwa unyooke. Kila mlango ulipotua alisoma ukingo wake wa juu kwa sauti: ghorofa ya kwanza, chumba cha tatu, bawaba kushoto. Mwenyewe akajitokeza. Hapo dereva aliacha kucheka. Alikuwa ameelewa kumbe ile penseli ilikuwa na kazi.

Na funguo zikaanza kutoka. Nyingine zilitoka kwenye pindo za nguo, nyingine kwenye makopo ya sukari, moja kwenye soksi ya mzee aliyeapa siku zote kwamba kaipoteza. Hakuna aliyetupa wa kwake. Bibi mmoja alifunga na kufungua, akafunga na kufungua, mpaka jirani akamwambia, "Mama, kitasa nacho kinachoka." Akamjibu kwamba kichoke, ni chake.

Mshonaji alikuwa wa mwisho. Alivua kamba shingoni, akaingiza ufunguo. Ukakwama kidogo palepale ulipozoea kukwama, kisha ukazunguka. Akaingia, akafunga. Fundi alisikia komeo likiingia mahali pake, akaenda bombani kunawa mikono ambayo haikuwa michafu, akanawa na uso.

Jumatatu saa nne afisa makazi akafika na faili. Alitembea hatua tatu ndani ya ukumbi, akasimama. Mbele yake palikuwa na mtaa: milango ya kijani, ya bluu, mmoja una stika ya timu iliyochanika nusu, yote imefungwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Fundi. "Kitabu cha stoo kina jina langu."

"Mzee, ukitokea moto?"

"Ukuta ni plaiwudi. Mtoto akiupiga teke anatoka. Na kila komeo linafunguka kwa ndani bila ufunguo, nimejaribu yote. Huu mlango haumzuii aliye ndani. Unamfanya wa nje abishe hodi."

Afisa akapumua. "Unajua nitalazimika kukuandikia barua."

"Andika."

"Na milango hii ing'olewe leo."

"Nimeshaing'oa mara moja," Fundi alisema. "Nilitumwa, nikatii. Mara ya pili utafute mtu mwingine."

Nyuma yake dereva alikohoa. "Na gari nalo ni bovu," alisema. "Limeharibika sasa hivi."

Afisa akanyoosha mkono. "Nipe funguo."

"Sina."

"Ziko kwa nani?"

"Kwa wenyewe. Hawakuwahi kuzirudisha, na hakuna aliyewaomba."

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka. Afisa akageuka, akaufuata mlango uliokuwa karibu naye, wa bluu, uliotoka ghorofa ya pili, chumba cha tano. Akausukuma. Haukwenda. Akautazama kitambo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo alilofundishwa utotoni. Kisha akagonga.

"Hodi."

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mshonaji.

"Manispaa."

Ndani maji yalisikika yakimwagika kwenye beseni, na kitambaa kikikamuliwa. Halafu ikaja sauti nyingine, nzito, ya upande mmoja wa mdomo, iliyokuwa haijasikika ukumbini humo tangu walipohamia.

"Su... biri."

Mlinzi akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake. Afisa makazi alikaza faili kifuani, akarudi nyuma hatua moja kutoka mlangoni, akasubiri.