Shamba Aliloachiwa Gisiri

Wiki ya tatu baada ya kumzika Nyarangi, pasta alikuja kutusomea wosia. Marehemu aliuandaa vizuri kuliko wasomi wengi ninaowajua: umepigwa taipu pale Kegonga, una mashahidi wawili, na alama ya kidole gumba chake iko chini. Pasta akasoma: "Shamba langu lote namwachia mwanangu Gisiri. Mkewe Mellen akae humo alee watoto wao."

Wazee wakaitikia. Mimi Mellen pia nikaitikia, ingawa tangu mazishi nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Hakuna aliyeona kasoro, maana Wakuria wote pale wanamjua Gisiri.

Nyarangi hakujaliwa mtoto, na mumewe alikufa mapema. Basi akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akaoa mke kwa ajili ya mtoto wa kiume ambaye angemzaa kama Mungu angependa. Mke ndiye mimi. Mtoto ndiye Gisiri. Ni jina tu, lakini ni jina lenye boma. Kwa miaka kumi na tisa nimeitwa mke wa Gisiri, na Terry na Byron ni watoto wa Gisiri. Mwanamume niliyezaa naye hatajwi, wala hajawahi kuwaulizia watoto.

Kasoro iliyowapita wazee, Omanga aliiona. Huyu ni mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Nyarangi. Siku ya wosia alikula nyama yake taratibu na kuomba mchuzi. Mwezi uliofuata nikaletewa karatasi za korti: Omanga anadai shamba, kwa kuwa aliyeachiwa hayuko na hakuwahi kuwako. Omanga huyuhuyu ndiye aliyeswaga ng'ombe wa mahari yangu, akiimba njia nzima kwamba anamwolea ndugu yake! Ningekasirika, ila hata hasira sikuipata.

Nikaenda Migori kwa wakili. Anaitwa Dorine, Mjaluo wa Oyugis, mama mchangamfu anayeongea huku akitafuta miwani.

"Dada Mellen, huyu Gisiri tunamtoa wapi?"

"Hatoki mahali."

"Alikufa lini?"

"Hakufa."

"Kwa hivyo yuko."

"Hayuko."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza mambo yetu tangu mwanzo. "Yawa!" akasema, akacheka, kisha akaona sicheki, akaacha.

"Sikiza, dada. Korti haiwezi peana shamba kwa mtu hakuzaliwa. Ukisimama pale useme wewe ni bibi ya Gisiri, Omanga anachukua. Lakini korti zimeshakubali mwanamke kuoa mwanamke. Sema Gisiri hakuna. Sema Nyarangi ndiye alikuoa, na watoto ni wake. Na itoke kwa mdomo yako mwenyewe."

Nikamwuliza kama anajua anachoniomba. Nikimkana Gisiri mbele ya wazee, wanangu hawana baba, na asiye na baba kwetu hana ukoo.

"Na usipomkana," akasema, "watalala wapi?"

Nilirudi nyumbani nikapalilia mahindi.

Siku ya kesi, Mzee Mokaya, mkubwa wa ukoo, alikuja kunitetea. Akamwambia hakimu kwamba alikula nyama ya harusi ya Gisiri na anamjua vizuri. Hakimu akamwuliza Gisiri ana urefu gani. Watu wakacheka, na Mokaya akashuka kizimbani akiwa ameinamisha uso. Nilimwonea huruma yule mzee.

Zamu yangu ikafika.

"Mama, mume wako ni nani?" hakimu akauliza.

Nilitaka kusema Gisiri, maana ulimi umezoea. Lakini Gisiri hajawahi kunifunikia ugali nikichelewa kutoka sokoni. Nilipojifungua Byron, aliyenikanda kwa maji ya moto ni Nyarangi. Aliyeninunia siku tatu kwa sababu ya chumvi ni Nyarangi, na siku ya nne akaniletea kuku bila maelezo.

"Gisiri hakuna," nikasema. "Hajawahi kuwako. Aliyenioa ni Nyarangi."

Mokaya alisimama akatoka nje, na wazee wengine wakamfuata.

Uamuzi ulisomwa mwezi uliofuata. Shamba ni langu mimi na wanangu. Omanga akaondoka bila kuaga. Dorine akanikumbatia, akaniambia tumeshinda, nikamwambia asante.

Mokaya alikuwa amesimama langoni mwa korti, peke yake. Nikamwamkia.

"Shamba umepata," akasema. "Sasa Byron akitaka kuoa, ng'ombe watatoka boma ya nani?"

"Ya Nyarangi, mzee."

"Hiyo ni boma ya mwanamke."

"Ndiyo. Mimi nimeolewa na mwanamke."

"Basi mbona hukukaa matanga ya mjane?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu. "Ulikuwa jikoni siku zote, unapikia watu."

Nikafungua mdomo nimjibu. Hapo langoni, mbele ya watu waliokuja na kesi zao, ndipo nilipojua kwamba Nyarangi amekufa, nikakaa chini nikamlilia.