Kitufe cha Haiwezekani

Jumatatu asubuhi Kemuma, mpiga taipu wa shamba moja la chai upande wa Litein, alifunua mashine yake, akapachika karatasi mbili na kaboni katikati, akabonyeza herufi H. Mashine ikaendelea yenyewe: "Haiwezekani kwa sasa. Endelea na kazi njema." Ikapiga kengele, ikatulia.

Kemuma aliikagua barua kama ina makosa. Haikuwa nayo. Wachuma chai walikuwa wakiandikiwa sentensi hiyo tangu enzi za mzungu, kila walipoomba choo, mlango au ruhusa ya kwenda kuzika, na mazoea yana taabu, hata kwa chuma. Kuanzia hapo kazi ya siku nzima ilikwisha saa sita. Meneja Kimutai alipendezwa mno. Alimruhusu aende nyumbani mapema, kisha akajisifu kwa mameneja wa jirani kwamba ofisi yake imeendelea.

Lakini Kemuma naye alikuwa na ombi. Paa la nyumba yake ya kambi lilivuja juu ya kitanda, na mwanawe Bitutu alikohoa tangu mvua zianze. Kikohozi kile kilimtia hofu. Akaomba mabati mawili tu. Kimutai, ambaye siku hiyo alikuwa ameshiba na hana neno na mtu, akakubali. Akamwambia aandike barua ya stoo, yeye atie sahihi.

Kemuma hakuigusa H. Alianza na T, polepole: "Tumekubali." Mashine ikarudi nyuma, ikalifuta neno kwa x, ikaandika ile inayoijua. Akarudia kwa herufi kubwa. Ikafuta. Meneja akaja kujaribu kwa kidole chake mwenyewe, ikamfuta naye bila kujali cheo.

"Mama Bitutu, mimi nimekubali kabisa," akasema. "Lakini hii mashine imekaa hapa kuliko mimi."

"Basi andika na kalamu, mzee."

"Ya mkono, watu wa stoo hawawezi kubali."

Chai yake ilikuwa inapoa. Akatia sahihi barua iliyokuwepo.

Kemuma akaifunika mashine, akatoka saa sita kama kawaida. Mvua ya huko huanza saa nane. Alifika na nafasi ya kutosha, akasogeza kitanda, akapanga sufuria chini ya matundu na bakuli moja karibu na kichwa cha mtoto.

Zamani, mvua ndiyo iliyokuwa ikifika kwanza.